Saa 72 za mtoto aliyesema

Akina mama wengi tunaowasikiliza hutueleza jambo lile lile. Mama alipogundua mwanawe amefanyiwa ukatili wa kingono, alimuogesha. Akamvua gauni, akaliloweka kwenye beseni, akampa uji. Hakuwa anaficha lolote, ni uchungu wa mzazi tu. Ila ushahidi ambao ungemtia hatiani mkosaji ulimwagwa pamoja na yale maji.

Mama huyu hana kosa. Kosa ni letu sisi tuliopewa kazi ya kumwelekeza mapema na hatukufika mlangoni kwake.

Tanzania ilifanya utafiti wa kitaifa mwaka 2009. Vijana wa miaka 13 hadi 24 waliulizwa yaliyowapata utotoni. Karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Kati ya hao wasichana, kama nusu tu ndio waliowahi kumwambia mtu. Wavulana ni theluthi moja. Kwa hiyo mtoto akija akakwambia, ujue amevuka mlima ambao wenzake wengi walishindwa kuuvuka, na kuanzia hapo muda unahesabika.

Dawa ya kuzuia maambukizi ya VVU hutolewa ndani ya saa 72 tangu tukio, na inavyowahi ndivyo inavyosaidia zaidi. Usimuogeshe kwanza. Nguo zake usizifue, ziweke kwenye mfuko wa karatasi, kwa sababu ndani ya plastiki hupata unyevu na kuharibika. Kama zahanati au kituo cha afya kiko karibu kuliko polisi, anzia huko, matibabu yasingoje fomu. PF3, fomu ya polisi ya matibabu, itafuata kupitia Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Na tafadhali, usimhoji mtoto kila anapoingia shangazi au jirani. Msikilize mara moja, yaandike maneno yake kama alivyoyatamka, basi. Kila anaporudishwa kwenye simulizi lile anaumia upya, na maelezo yakitofautiana kidogo wakili wa mshtakiwa atayashika.

Kinachotuumiza zaidi ni vikao vya usiku. Wazee wa pande mbili wanakaa barazani, mbuzi anatajwa, kiasi cha fedha kinatajwa, baba anaambiwa asiaibishe ukoo. Asubuhi "limeisha kifamilia". Halijaisha. Kubaka ni jinai. Anayeshtaki ni Jamhuri, hivyo baba hana mamlaka ya kusamehe kwa niaba ya mwanawe. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aifikishe kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo lake. Yeyote, hata yule aliyekuwa amekaa pembeni anakunywa kahawa.

Utasikia pia, "hakuna shahidi, kesi itaanguka." Sheria ya Ushahidi inairuhusu mahakama kumtia mtu hatiani katika kosa la kingono kwa maneno ya mtoto pekee, ikiridhika kwamba mtoto anasema kweli. Watu wengi hawalijui hili, na wakosaji wananufaika.

Kwenye karatasi mfumo upo. Chini ya MTAKUWWA, mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto ulioanza 2017/18, kila kijiji na mtaa unapaswa kuwa na Kamati ya Ulinzi wa Wanawake na Watoto. Kuna afisa ustawi wa jamii, kuna Dawati polisi, kuna namba 116, simu ya msaada kwa watoto ambayo haina malipo. Mimi siupimi mfumo kwa idadi ya kamati zilizozinduliwa wala fulana zilizogawiwa. Naupima kwa swali moja: bibi anayelea wajukuu mwisho wa kijiji, saa nne usiku, anampigia nani, na huyo akipokea simu anakuja na usafiri gani?

Mkutano mkuu wa kijiji ukiitishwa tena, nyanyua mkono uulize hivyo hivyo. Majina ya wanakamati yasomwe kwa sauti. Namba zao ziandikwe kwa rangi kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji, wa shule na wa zahanati. Atajwe na mwenye bodaboda aliyekubali kubeba mtoto usiku, pamoja na fungu litakalolipia mafuta, kisha mtendaji aliingize kwenye muhtasari.