Data za Mwani na Sababu Zinazozifanya Zibaki Kabatini

Katika miaka yote niliyofanya utafiti wa mwani kwenye pwani ya mashariki ya Unguja, sijakutana na mtafiti mwenzangu anayepinga data kutolewa wazi. Pendekezo la UNESCO kuhusu sayansi huria, lililopitishwa mwaka 2021, tunalitaja kwenye maombi yetu ya fedha kwa moyo mkunjufu. Lakini mwombe mmoja wetu jedwali alilolitumia kuandikia makala ya mwaka juzi, naye atakujibu kwamba limo katika kompyuta iliyoharibika, au kwamba bado hajamaliza kulifanyia kazi.

Wengi husema sababu ni choyo. Mimi siamini hivyo. Hofu ipo, na ina msingi: mtu aliyeshinda majini kila bamvua kwa miaka miwili akipima joto na kuhesabu kamba zilizofungwa mwani huogopa kwamba mwenye kompyuta nzuri na muda wa kutosha atamtangulia kuchapisha. Hata hivyo, kizuizi kikubwa zaidi nilichokiona, kikiwemo changu mwenyewe, ni kwamba data hazikuandaliwa ili zisomwe na mtu mwingine.

Niliwahi kumpa mwanafunzi wangu jedwali la mavuno. Siku ya pili alirudi akaniuliza, "Mwalimu, huu uzito ni wa mwani mbichi au mkavu?" Safuwima ilikuwa imeandikwa "uzito" tu, nami sikuweza kumjibu kwa yakini. Mwani unapokauka hupoteza sehemu kubwa sana ya uzito wake, kwa hiyo neno moja lililokosekana lilitosha kuyafanya mavuno ya msimu mzima yasifae kulinganishwa na ya msimu mwingine wowote. Hasara hiyo iliniuma, kwa kuwa kilimo hiki kilianza hapa kibiashara mwaka 1989, na tangu cottonii, aina mojawapo ya mwani unaolimwa hapa, ilipoanza kufa maji yanapopata joto, kumbukumbu za miaka mingi ndizo zinazoweza kutuonesha mabadiliko yalianza wapi na lini.

Kanuni za FAIR za mwaka 2016 zinataka data zionekane, zifikike, zioane na nyengine na ziweze kutumika tena. Kwa mtafiti wa hapa, hilo maana yake ni faili fupi la maelezo linalotaja vipimo, tarehe, chombo kilichotumika na maana ya kila kifupisho, kisha leseni inayosema data zinaweza kutumikaje, na mahali pa kuhifadhia panapotoa kitambulisho cha kudumu, kama vile Zenodo, hifadhi ya mtandaoni ambako kuweka data ni bure. Kitambulisho hicho hupunguza ile hofu ya kutanguliwa, kwa sababu kinaonesha wazi ni nani aliyekusanya na lini, na atakayezitumia ana namna ya kumtaja.

Uwazi huo si mgeni visiwani kwetu. Picha za Unguja na Pemba zilizopigwa kwa droni kuanzia mwaka 2016, katika mradi ulioongozwa na Kamisheni ya Ardhi, zilitolewa wazi, na watu wa mbali wakazitumia kufundishia kompyuta kutambua majengo.

Si kila kitu kitolewe. Mahali hasa palipo na mapango ya pweza, ambapo mvuvi alinionesha kwa kuniamini, sipaandiki kwenye faili la wazi. Nataja shehia tu.

Upande niliouchelewa zaidi ni ule wa wenye bahari. Mama mmoja mkulima wa Jambiani aliniuliza, "Mwanangu, mwaka mzima mnapima maji yetu, mbona hamtwambii yamepanda joto kiasi gani?" Tangu siku hiyo, kabla sijaliweka jedwali mtandaoni, hulichapa kwa herufi kubwa na kulipeleka kwenye banda la kukaushia mwani, tukalisoma pamoja. Mara ya kwanza tu, kinamama walinisahihishia tarehe mbili za mavuno.