Kabla ya kununua modeli ya kufundishia endoskopia

Hospitali ikipata fedha za vifaa vya mafunzo ya endoskopia, yaani kuchunguza na kutibu ndani ya mwili kwa bomba lenye kamera (endoskopu), naulizwa: tununue modeli ipi? Nami huuliza: mwanagenzi wenu amekwama wapi?

Akiwa amekwama kwenye kolonoskopia, yaani endoskopia ya utumbo mpana, mara nyingi tatizo ni kitanzi. Anasukuma endoskopu, utumbo wa sigmoidi (sehemu iliyopinda karibu na mwisho wa utumbo mpana) unajikunja, ncha haisogei au hata inarudi nyuma, naye anazidi kusukuma. Hapo napendelea sanamu ya mpira, aina inayodharauliwa kwa kuwa haitoi damu wala picha za kuvutia. Utumbo wake unaweza kupangwa upya ili kitanzi kiwe chepesi au kigumu, na ukifunua tumbo mwanagenzi anakiona kwa macho yake. Anavuta taratibu huku akizungusha mkono kufuata mwendo wa saa, kitanzi kinanyooka. Kasoro yake ni kwamba akirudia mpangilio uleule mno, anaukariri.

Kompyuta za uhalisia pepe zina visa vingi, na hupima muda, sehemu ya utando wa ndani ya utumbo iliyokaguliwa na maumivu ambayo mgonjwa angepata. Zinamsaidia nani? Jaribio la vituo kadhaa huko Marekani, lililochapishwa mwaka 2006, liliwapa wanagenzi saa 10 kwenye mashine ya aina hiyo kabla ya kugusa wagonjwa. Waliwatangulia wenzao wasioitumia mashine katika kolonoskopia 100 za mwanzo, hasa zile 80 za kwanza, kisha pengo likazibika. Makundi yote mawili yalihitaji kolonoskopia takriban 160 kufikia umahiri. Kwa mgonjwa wa kwanza hiyo si faida ndogo. Lakini ukinzani unaousikia mkononi hutengenezwa na mota, na mkono uliozoea utumbo halisi huitambua tofauti mara moja.

Kusimamisha damu ni somo lingine. Mjini Erlangen, Ujerumani, miaka ya 1990, walitengeneza modeli ya EASIE: viungo vya nguruwe kutoka machinjioni, mishipa ikashonewa ndani, pampu ikisukuma kimiminika chekundu. Daktari anachoma sindano na kubana kwa klipu huku muuguzi akimpa vifaa, na wawili hao hujifunza kuelewana, jambo ambalo mashine nyingi hulisahau. Harufu mtaizoea. Tengeni endoskopu za kazi hiyo tu, zisirudi kwa wagonjwa.

Kwa ERCP, yaani kuingia kwenye mirija ya nyongo na kongosho kwa endoskopu, kuweni waangalifu na nguruwe. Mrija wake wa nyongo hufunguka karibu sana na mlango ambapo chakula hutoka tumboni kuingia utumbo mwembamba, na wa kongosho hufunguka mbali nao, peke yake. Pembe ya kuingilia si ile ya binadamu. Nguruwe hai aliyelazwa kwa nusukaputi hutoa damu ya kweli na hupumua, lakini anahitaji daktari wa mifugo na kibali cha maadili. Na kwa kuwa utumbo wake mpana umejizungusha kama springi ya saa, hafai kufundishia kolonoskopia.

Fedha zikitosha kitu kimoja tu, ningenunua sanamu ya mpira, na zinazobaki zilipe muda wa mkufunzi atakayesimama kando yake. Mkiamua kununua kompyuta, msisaini kabla bingwa wenu na mwanagenzi hawajaijaribu siku moja, zoezi moja. Alama zao zikilingana, mashine hiyo inapima kitu kingine, si endoskopia.