Kiti cha chini si raha ya safari

Hapa Lubumbashi wengi huamini kwamba wa kwenda mbali, tuseme Kolwezi, karibu kilomita 300, anunue pikipiki aina ya kruza: kiti cha chini, miguu mbele. Si kweli, na mgongo ndio unaolipa. Miguu ikiwa mbele huwezi kujiinua penye shimo. Uzito wote umeukalia, na springi za nyuma za kruza nyingi zina mwendo mfupi, basi pigo linapanda hadi kiunoni. Upepo nao unasukuma kifua, mikono inachoka kwa kujishikilia. Pikipiki ya safari ndefu, kama BMW R 1250 RT, ina kioo cha kukinga upepo, na miguu hukaa chini ya mwili. Mjini, hasa kwa mtu mfupi, ningechagua kruza: kwenye foleni miguu inafika chini.