Kabla ya cherehani, washa pasi

Anayekuja kwangu kujifunza kuunga viraka huniuliza kwanza anunue cherehani gani. Mimi humuuliza kama ana pasi. Wengi hucheka wakidhani natania. Cherehani inayojua mshono mmoja tu wa kwenda mbele, hata ile ya kukanyaga kwa miguu, inatosha kwa kazi zote nitakazoeleza hapa. Bila pasi hufiki popote.

Nilijifunza kwa hasara. Kazi yangu ya kwanza ya viraka ilikuwa shuka zima la kutandika kitanda kikubwa. Nilichanganya kila kilichokuwamo kwenye mfuko wa mabaki: pamba nyepesi, jinzi, hata vipande vya fulana. Fulana zikavutika chini ya mguu wa cherehani, jinzi ikakataa kulala, na siku ya kulifua, chekundu kikamwaga rangi juu ya cheupe. Shuka lenyewe bado ninalo. Nafunikia cherehani lisipate vumbi.

Kwa hiyo siku hizi mwanafunzi wangu huanza na foronya ya mto wa kochi. Ni ndogo, inaisha kabla hamu haijaisha.

Chagua vitambaa vya pamba vyenye uzito unaolingana, uvifue vyote, hata vipya. Pamba hupungua ikifuliwa. Kiraka kimoja kikipungua baada ya kushonwa na jirani yake akabaki alivyo, mshono utakunjamana na hutaweza kuunyoosha. Chenye rangi kali kifue peke yake mpaka maji yatoke safi. Kisha vipige pasi ndipo ukate. Kitambaa chenye mikunjo hakipimiki.

Kata kadibodi mraba wa sentimita 12, uiweke ikifuata uzi wa kitambaa, chora kwa chaki, kata vipande 16. Usikate hanamu, yaani mshazari kukatiza nyuzi, ili kuokoa kitambaa. Shika kipande kilichokatwa hanamu ukivute kidogo, utaona kinavyorefuka.

Kila mshono unakula sentimita 1 kila upande, kwa hiyo mraba wa 12 unabaki 10, na safu nne za vipande vinne vinne zinakupa foronya ya sentimita 40. Hesabu ni rahisi, lakini hapa ndipo watu hupotea. Tuseme mkono wako umeingia ndani milimita 2 zaidi. Mshono mmoja unagusa vipande viwili, kwa hiyo umekula milimita 4. Safu ya vipande vinne ina mishono mitatu: milimita 12 zimekwenda. Safu inayofuata ukiishona sawasawa, hizo mbili zitakutana wapi? Ajabu ni kwamba ukikosea vilevile kila mahali, hakuna atakayejua. Foronya itakuwa ndogo kidogo tu, na pembe zote zitakutana. Bandika utepe wa gundi juu ya bamba la cherehani, sentimita 1 kutoka kwenye sindano (pima kutoka kwenye sindano, si kwenye mguu), halafu ukingo wa kitambaa uutembeze ukigusa utepe huo. Macho yafuate utepe, usiitazame sindano.

Sasa pasi. Kila safu ikiisha, gandamiza mishono yake kwanza kama ilivyotoka kwenye cherehani, uzi ukae. Halafu ilaze upande mmoja: safu ya kwanza kulia, ya pili kushoto, ya tatu kulia, ya nne kushoto. Ukizipandanisha safu mbili uso kwa uso, vile vinundu vya mishono vitaumana kimoja kikiegemea kingine, na utavisikia kwa ncha za vidole hata ukifumba macho. Choma pini hapo hapo. Pembe nne zinakutana bila ugomvi. Na pasi ya viraka haiburutwi: weka, gandamiza, inua. Ukiiburuta unavuta kitambaa, na mraba wako unageuka kuwa umbo lisilo na jina.

Nyuma sipendi zipu kwa anayeanza. Kata vipande viwili vya sentimita 42 kwa 30. Kila kimoja kikunje ukingo wake mmoja mrefu, sentimita 1 kisha 2, ushone pindo. Vilaze juu ya uso wa viraka, uso kwa uso, pindo zikipandana katikati kwa sentimita 12, shona kuzunguka pande zote nne, punguza pembe, geuza. Mto wenyewe uizidi foronya kwa sentimita mbili tatu, ujae vizuri.

Sindano namba 80 au 90 inafaa pamba. Jinzi inataka 100.

Mabaki membamba yanafaa vitambaa vya kushikia sufuria, lakini hapo nakuwa mkali. Kila kitu kiwe pamba tupu, uzi pia, na ndani weka tabaka mbili au tatu za taulo kuukuu la pamba, si sponji. Ukiwa na shaka na kitambaa, chomoa nyuzi chache, zishike kwa kibano juu ya sinki, uziwashe. Za pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu laini. Za poliesta hunywea, huyeyuka, kisha huganda kuwa tone gumu. Ukiona tone, kitambaa hicho kirudishe kwenye mfuko wa mabaki.