Bamvua: siku ambazo mwamba hufunuka

Bahari hupwa na kujaa kila siku, kwa hiyo mtu anaweza kudhani kwamba siku yoyote inafaa kwenda mwambani. Sivyo. Wapo wanaofika ufukweni saa ya maji kupwa wakakuta maji yamerudi hatua chache tu, matumbawe yote bado yamefunikwa. Hao wamekwenda siku za maji mafu. Anayetaka kuuona mwamba wenyewe husubiri bamvua.

Bamvua ni kipindi ambacho tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa huwa kubwa kuliko siku nyingine. Wengi hulichukua neno hili kama jina la maji mengi tu, lakini kule kutoka mbali nako ni bamvua, maana yaliyopanda sana ndiyo yatakayoshuka sana. Chanzo ni mwezi na jua. Vyote viwili huvuta maji ya bahari, ingawa nguvu ya jua haifikii nusu ya ile ya mwezi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, dunia, mwezi na jua hukaa karibu katika mstari mmoja, na mivuto hiyo husaidiana. Mwezi ukiwa nusu, kila kimoja huvuta upande wake, na maji yanakuwa mafu. Ndiyo maana bamvua huja kila baada ya siku 14 au 15, na mara nyingi kilele chake huchelewa siku 1 au 2 baada ya mwezi mpevu au mwezi mchanga. Kubwa zaidi huangukia karibu na Machi na Septemba.

Kuna jambo ambalo hunipendeza kila nikilifikiri. Kwenye pwani zinazopata maji mara mbili kwa siku, maji huchelewa kama dakika 50 kila kukicha. Kwa wiki mbili uchelewaji huo unakaribia saa 12, kwa hiyo kupwa kwa maji ya bamvua hurudi kwenye saa zile zile. Ukishaizoea saa ya bamvua ya pwani moja, haitakupotea kwa mbali.

Sasa, kinachofunuka ni nini? Sehemu za juu za mwamba hukauka mara kwa mara, na viumbe wake wamezoea. Zile za chini karibu wakati wote ni bahari, na wakazi wake huonja hewa kwa saa chache tu za bamvua. Kwa macho ya haraka pale pote panaonekana pamekufa: mawe ya kahawia, mchanga, madimbwi. Chuchumaa kando ya dimbwi moja, kivuli chako kisiangukie majini, utulie dakika kumi. Gamba la konokono litaanza kutembea, na chini yake utaona miguu ya kaa aliyehamia humo. Kisamaki cha rangi ya mchanga kitachomoza kichwa tunduni. Ukiona mlangoni pa shimo pamerundikana maganda matupu ya kaa na kombe, huenda pweza yumo ndani anakutazama. Hayo ni mabaki ya mlo wake. Jongoo bahari naye amelala wazi, akimeza mchanga, akila uchafu uliomo na kuutoa mchanga ukiwa safi.

Wote hao wako kwenye shida. Maji ya dimbwi hupashwa moto na jua, chumvi huzidi yanapopungua, na mvua ikinyesha chumvi hiyo hupungua ghafla. Usiku, hewa ya oksijeni ndani yake huisha haraka. Matumbawe yaliyoachwa nje hujipaka ute ili yasikauke, kwani ni wanyama, si mawe, na kiatu kimoja huvunja kilichokua kwa miaka mingi. Kanyaga mchanga au mwamba mtupu. Jiwe ulilolifunua lirudishe lilivyokuwa, maana walio upande wa chini hawastahimili jua. Konokono mwenye gamba la umbo la pia usimguse hata kama ni mzuri kiasi gani: baadhi yao wana sumu iliyokwisha kuua watu.

Kuhusu muda, toka nyumbani mapema. Fika saa moja au mbili kabla ya maji kupwa kabisa, uyafuate yakitoka, na uanze kurudi yanapogeuka. Mabaharia wana kanuni inayosaidia: katika saa 6 za kujaa, saa ya kwanza huleta sehemu 1 kati ya 12 ya maji yote, ya pili sehemu 2, ya tatu na ya nne sehemu 3 kila moja. Pwani ambayo maji hupanda mita 4, sehemu 3 hizo ni mita nzima kwa saa moja. Tena maji hayaji kutoka mbele tu. Hupitia mikondo na kujaza mabonde yaliyo nyuma yako, kati yako na ufukwe.

Dalili ya kwanza utaiona dimbwini kabla ya kuisikia baharini. Wimbi jembamba huvuka ukingo, maji yanapoa, na tonge la ute lililojikunyata jiweni tangu asubuhi, kumbe ni mnyama, linaanza kufungua minyiri yake mmoja mmoja.