Kwa nini ramani ya joto inaonyesha mji umepoa kuliko shamba

Ilikuwa mwezi wa kumi, mvua bado hazijaanza, kijana anayejifunza kazi kwetu akanijia mezani ameibeba kompyuta mpakato kwa mikono miwili kama sinia ya chai. "Shikamoo mwalimu. Naona nimeharibu."

Alikuwa amechukua picha ya huku kwetu iliyopigwa na Landsat, setilaiti zinazopiga picha za ardhi, akakokotoa joto la uso wa ardhi, kisha akaipaka rangi: bluu palipopoa, nyekundu panapowaka. Alitarajia Jiji la Mbeya litokeze kama kaa la moto katikati ya mashamba. Badala yake mitaa yetu ya Soweto, Forest na hata sehemu za Mwanjelwa zilikuwa njano na bluu. Nyekundu kali ilikuwa nje ya mji, kwenye mashamba yaliyokwisha kulimwa yakingoja mvua, na kule chini Usangu tambarare nzima ilikuwa kama imemwagiwa damu.

Nilimwambia hajaharibu. Picha ya namna hiyo ndiyo wanayoipata watafiti wanaopima Dubai, Abu Dhabi na Phoenix ya Marekani. Miji ya jangwani ina tabia hiyo mchana, na anayeielewa atakuwa na njia ya kuielewa Mbeya ya mwezi wa kumi. Siku ile tulizungumza mpaka giza likaingia, na tangu hapo nimeulizwa swali hilohilo na watu wengine watatu, ndiyo maana naliandika.

Sote tumefundishwa kwamba mji una joto kuliko shamba. Fundisho hilo lina asili yake. Mwanzoni mwa karne ya 19, Luke Howard, mtengenezaji wa dawa aliyependa kufuatilia hali ya hewa, alilinganisha vipimo vya ndani ya London na vya mashambani, akaona usiku wa mjini una joto zaidi. Lakini pembeni mwa London kuna nini? Majani mabichi, miti na udongo wenye unyevu. Joto la mji, kama tunavyolihesabu, ni namba moja kutoa namba nyingine: mjini kutoa nje ya mji. Wengi wetu tunaikodolea macho namba ya kwanza na kuisahau ya pili. Weka jangwa mahali pa majani ya Uingereza, na jibu linaweza kushuka chini ya sifuri bila mji wenyewe kubadilika hata tofali moja.

Mchanga mkavu una hewa nyingi katikati ya chembe zake, na hewa ni kipitishi kibaya cha joto. Jua likiupiga, joto haliwezi kuzama. Linabaki juu, kwenye sentimita chache tu, na juu panawaka. Mwaka 2005 setilaiti ilipima nyuzi joto 70.7 za Selsiasi kwenye uso wa jangwa la Lut, nchini Iran. Hiyo ni ngozi ya ardhi, si hewa anayovuta mtu. Utotoni, kiangazi, tulikuwa tukivuka mchanga wa mto uliokauka kule Usangu tukiwa pekupeku. Hatukukimbia, maana kukimbia hakusaidii kitu mchanga ukiwa mpana. Tulikuwa tukifukia vidole, tunachimba kidogo kwa mguu hadi kufika palipopoa, tunapumzika, ndipo tunapiga hatua nyingine. Kiganja kimoja tu chini ya moto ule kulikuwa na ubaridi. Nimesoma mengi kuhusu jinsi udongo unavyopitisha joto, lakini miguu yangu ililijua jambo hilo kwanza.

Sasa ingia mjini. Watu wa jangwani hawajengi mji bila kuleta maji. Phoenix inaishi kwa mifereji inayotoa maji Mto Salt na Mto Colorado, na maji hayo yanaishia kwenye nyasi, miti na bustani. Mti ukinyweshwa unatoa jasho kupitia majani, na jasho linachukua joto. Ni kazi ileile ya mtungi wa udongo pembeni mwa mlango wa jikoni: maji yanapenya polepole, yanakauka upande wa nje, na yaliyobaki ndani yanapoa. Lita moja ya maji ikiondoka kama mvuke huchukua joto ambalo lingetosha kupandisha lita saba kutoka nyuzi 20 hadi kuchemka. Na hewa ikiwa kavu, jasho hilo hukauka upesi zaidi. Ndiyo maana mtungi wa Dodoma hupoza maji kuliko mtungi wa Dar es Salaam, na ndiyo maana bustani moja jangwani huonekana kwenye picha kama tone la wino wa bluu.

Kuna kivuli pia. Ghorofa linafunika barabara, barabara haipigwi na jua saa zote. Tena zege, tofauti na mchanga, linameza joto na kulipeleka ndani, kwa hiyo asubuhi uso wake hupanda polepole. Ukiyajumlisha yote hayo, mji wa jangwani saa nne asubuhi unaweza kuwa kisiwa cha ubaridi kwenye bahari ya mchanga unaowaka.

Na saa nne nimeitaja kwa sababu. Landsat 8, iliyorushwa mwaka 2013, na Landsat 9 ya mwaka 2021, kila moja hurudi mahali palepale baada ya siku 16, na kwa Mbeya hupita kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Kila mara ni asubuhi hiyo. Tunachokiita ramani ya joto la mji ni ramani ya joto la mji kabla ya chai ya saa nne kupoa, basi. Setilaiti zenye kifaa cha MODIS hupima usiku pia, lakini pikseli yake, yaani kipande kimoja cha picha, ni kilomita nzima, Mwanjelwa yote na vilima vyake ndani ya vipande vichache. Ya Landsat hupimwa kwa mita 100, yaani zaidi kidogo ya kiwanja cha mpira, ingawa hutolewa kwetu ikiwa imekatwakatwa vipande vya mita 30 na kuonekana kali kuliko ilivyo.

Usiku hesabu inageuka. Mchanga ulishika joto dogo, tena juujuu, na chini ya anga lisilo na mawingu wala mvuke linapaa na kupotea mapema. Wakulima wa viazi wa Makete wanalijua anga la namna hiyo bila kufika jangwani: usiku wa Juni usio na wingu, asubuhi majani yameungua kwa umande ulioganda, hasa mabondeni ambako hewa baridi hushuka na kutuama. Zege halifanyi hivyo. Lilimeza joto kutwa nzima, na usiku linalirudisha, ukuta kwa ukuta, kuta zikitazamana ng'ambo ya barabara nyembamba. Kwa hiyo mji uleule uliokuwa bluu saa nne asubuhi huwa mwekundu saa nne usiku, jangwa likiwa limepoa pembeni yake.

Hapo ndipo watu wanapoumia. Mwaka 2023 Phoenix ilipitisha siku 31 mfululizo ambazo joto la hewa lilifika nyuzi 43 na zaidi, na ndani ya kipindi hicho kulikuwa na siku 16 mfululizo ambazo hata kiwango cha chini cha joto hakikushuka chini ya nyuzi 32. Mwili unaongoja usiku ili upumzike haukuupata usiku. Kaunti ya Maricopa, ambamo mji huo umo, ilihesabu vifo 645 vilivyohusiana na joto mwaka huo. Mtu angeweza kuchukua picha ya asubuhi ya mji huo na kusema, kwa ukweli mtupu wa pikseli, kwamba mji umepoa kuliko jangwa.

Nirudi kwetu. Mbeya si jangwa. Tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Mlima Loleza uko juu yetu, na Julai tunalala na mablanketi mawili. Lakini kuanzia mahindi yanapovunwa hadi mvua za Novemba, pembeni mwa mji hufanana na jangwa kwa jambo moja linalohusika hapa: udongo uko uchi na mkavu, hakuna jani la kutoa jasho. Ndani ya mji, miparachichi ya uani, mikaratusi, migomba inayopewa maji ya kufulia, yote bado ni mabichi. Kwa hiyo mji unashinda mashindano yasiyo ya haki. Pima tena mwezi wa tatu, mahindi yakiwa yamefika kifuani na mashamba ya viazi yamefunikwa na majani, na tofauti hugeuka: nje panapoa, mabati na lami vinabaki vimewaka. Mji ni uleule.

Hapa kuna mtego ambao naona wengi wanauingia. Mwezi wa tatu kuna mawingu. Setilaiti ya joto haioni kupitia wingu, kwa hiyo picha safi za nyanda za juu kusini zimejaa kuanzia Mei hadi Oktoba, na za masika ni za kuokoteza. Mwanafunzi akichukua "picha zote nzuri za miaka kumi" na kutafuta wastani, amechukua wastani wa kiangazi bila kujua. Na matokeo yake yatasema mji wetu hauna shida ya joto.

Mtego wa pili ni kimo. Kijana wangu alikuwa ameiweka Usangu ndani ya "nje ya mji." Usangu iko mamia ya mita chini yetu, na hewa hupungua joto kiasi cha nyuzi 6 na nusu hivi kwa kila mita 1,000 unazopanda. Sehemu ya wekundu ule ni mlima tu, haihusiani na mji hata kidogo. Dubai hawana tatizo hilo, wamekaa kwenye tambarare. Sisi wa Mbeya, Iringa na Njombe lazima tulinganishe mji na mashamba ya kimo kilekile, kwa mfano ya upande wa Uyole, la sivyo tunapima miteremko.

Halafu mabati. Hili nalipenda kwa sababu linaonyeshwa jikoni. Setilaiti haigusi kitu, inasoma mionzi ya joto inayotoka kwenye uso, na kila uso una uwezo wake wa kuitoa. Udongo, majani na tofali hutoa karibu yote inayostahili. Bati jipya linalong'aa hutoa kidogo sana, na badala yake linaakisi anga, ambalo ni baridi. Kijana hakuniamini, basi tukachukua kipimajoto cha kuelekeza, jamaa ya vile vilivyokuwa vikielekezwa kwenye paji la uso kipindi cha Korona, ila hiki ni cha mafundi. Tukateleka maji kwenye sufuria ya alumini, upande mmoja umesuguliwa kwa mchanga hadi unametameta, upande mwingine umeachwa na masizi ya kuni. Maji yalipochemka, ambayo kwa kimo chetu ni kama nyuzi 94, akaelekeza upande wa masizi: zaidi ya tisini. Akaizungusha sufuria na kuelekeza upande unaometa, na namba ikaanguka hadi pale ungesema hayo ni maji ya kuogea mtoto. Sufuria moja, maji mamoja. Akataka kugusa ahakikishe, nikamshika mkono.

Basi mtaa wenye mabati mapya unaweza kutokea bluu kwenye ramani, huku anayeshona nguo chini ya paa hilo, lisilo na dari, akijifuta jasho saa nane mchana. Mabati yakishika kutu, ramani "inapanda joto" bila ndani ya nyumba kubadilika sana. Ukokotoaji mzuri hurekebisha hili kwa sehemu, lakini kwa mtaa wenye mapaa mchanganyiko hakuna rekebisho linalotosha, ni lazima kwenda kutazama.

Naongea kwa uchungu kidogo kwa sababu nimeshakaa kwenye kikao, sitataja cha wapi, ambapo ramani ya namna hii, ya Septemba, ilitandazwa mezani kuonyesha kwamba katikati ya mji pamepoa vya kutosha, na kwa hiyo miti ya kando ya barabara inaweza kukatwa wakati wa kupanua. Miti hiyohiyo ndiyo ilikuwa bluu kwenye ramani. Nilisema hivyo. Muda ulikuwa umekwisha, kikao kikafungwa, miti ikakatwa, na akina mama waliokuwa wakiuza ndizi chini yake sasa wanajikinga jua kwa miavuli.

Kwa hiyo kijana nilimpa kazi moja zaidi kabla hajaandika ripoti yake. Siku hiyohiyo, saa nne usiku, tulikwenda Mwanjelwa, kwenye uchochoro kati ya nyumba mbili za tofali za saruji zilizotazama magharibi, nikamwambia aweke kiganja ukutani. Ukuta ulikuwa vuguvugu bado, kama mkate uliotoka kufungwa. Mwenye nyumba alikuwa amekaa nje kwenye kigoda, akatukaribisha, akasema ndani hapalaliki mpaka saa sita. Kisha tukapanda gari hadi Uyole, tukasimama pembeni mwa shamba lililolimwa, lile lililokuwa jekundu kuliko vyote kwenye ramani yake. Akainama, akachota udongo, akaushika kwa muda, halafu akaniomba koti.