State park si Serengeti: maana yake, na pa kwenda summer hii

Kila mwaka ikifika mwezi wa tano simu yangu inaanza kulia. Kuna binamu ameingia Minnesota juzi juzi, kuna mama wa kanisani ana watoto watatu wanaoshinda kwenye tableti kutwa nzima, na wote swali lao ni moja, hii state park ambayo kila mtu kazini anasema anaenda wikendi ni kitu gani, kuna simba, ni dola ngapi, na kwani ni kweli watu wazima wenye nyumba zao wanaenda kulala chini kwenye hema kwa hiari? Nimechoka kueleza kwa voisi noti kwa hivyo naandika mara moja, atakayeuliza tena namtumia hii.

Kinachotuchanganya ni neno lenyewe. Sisi tukisikia "park" akili inaenda sehemu mbili tu, ama Uhuru Park pale katikati ya mji ambapo unakaa kwa nyasi na kupigwa picha, ama mbuga, yaani Tsavo, Nakuru, Serengeti, gari la kufungua paa na dereva anayejua chui amelala mti gani. Steti paki (nitaiandika hivyo, ndivyo tunavyoitamka) haiko kwenye kundi lolote kati ya hayo. Halafu hiyo "state" nayo watu wanadhani ni serikali kuu, sivyo, ni jimbo, Minnesota, Ohio, Texas na kadhalika. Kwa hivyo steti paki ni ardhi ya jimbo, jimbo ndilo linaajiri marenja, yaani walinzi wa paki, linatoza ada, linafagia vyoo, na kazi ya hiyo ardhi ni mbili kwa pamoja: pasijengwe, na mwananchi wa kawaida apate pa kupumzika na watoto wake. National park ni ya Washington, yaani serikali kuu, vitabu tofauti, wafanyakazi tofauti. Minnesota nzima ina national park moja tu, Voyageurs, kule juu mpakani na Canada, lakini steti paki ziko zaidi ya 60, na ndio maana watu wa kazini kwako hawazungumzii Voyageurs, wanazungumzia zile zilizo saa moja kutoka nyumbani.

Kama wewe ni Mkenya kuna njia rahisi ya kuielewa. Nairobi National Park iko chini ya KWS, shirika la wanyamapori la taifa, lakini Maasai Mara si national park, ni reserve ya Kaunti ya Narok. Kwa umiliki basi steti paki inafanana zaidi na Mara. Ila kwa vile watu wanavyoitumia ni kama msitu wa Karura pale Nairobi siku ya Jumamosi, watu na baiskeli zao, watoto wanalia njaa, mtu amebeba chakula chake. Sasa chukua umiliki wa Mara, changanya na Karura, ongeza ziwa la kuogelea na uwanja wa kupiga hema, umefika. Ndugu zetu wa Tanzania hapa wanapata shida zaidi kwa sababu hifadhi zao za taifa zote ziko chini ya TANAPA, shirika la taifa la hifadhi, hakuna jimbo lililokaa likasema hii ni yangu.

Na usidhani steti paki ni mdogo wake national park, aliyekuja baadaye kuiga. Mwaka 1864, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa bado vinapiganwa, Lincoln alitia saini bonde la Yosemite likakabidhiwa California ilitunze kwa ajili ya watu wote. Jimbo! Yellowstone, national park ya kwanza, ikafuata 1872, na moja ya sababu ikabaki mikononi mwa serikali kuu ni kwamba Wyoming, ilipo sehemu yake kubwa, wakati huo haikuwa jimbo bado, hapakuwa na wa kumpa. Yosemite nayo ikarudishwa kwa serikali kuu mwaka 1906. New York walikuwa wameshafanya yao pale Niagara mwaka 1885, watu wengi wanapiga picha maporomoko yale bila kujua wamesimama ndani ya steti paki. Halafu miaka ya 1930, kazi hakuna, njaa kila mahali, Rais Roosevelt akaanzisha jeshi la vijana lisilo la vita, CCC, kuanzia 1933 mpaka 1942, wakapanda miti na kujenga. Yale majengo ya mawe na magogo mazito unayoyakuta kwenye paki nyingi, ngazi, kuta, mabanda ya pikiniki, mengi ni jasho la hao vijana na bado yamesimama.

Haya, pesa. Minnesota hawatozi kwa kichwa, wanatoza gari. Kwa miaka mingi ilikuwa dola 7 kwa siku ama dola 35 kwa mwaka, bei ya sasa iangalie kabla hujatoka, unabandika stika kwenye kioo, mkiwa wawili au saba ndani ya gari ni hiyo hiyo, na inaingia paki zote za jimbo. Ukienda mara tano tu kwa mwaka stika ya mwaka imejilipa. Pia kuna siku nne kwa mwaka kuingia ni bure, na baadhi ya maktaba zinaazimisha pasi ya wiki kama vile unavyoazima kitabu, jambo ambalo watu wetu wengi hawalijui kabisa. Lakini kila jimbo lina mambo yake, Ohio na Illinois hawalipishi kuingia, unaendesha tu unaingia. Mimi hili la kila jimbo na lake nililijifunza vibaya, nilinunua stika ya Minnesota, wiki iliyofuata nikavuka daraja nikaenda Willow River, kuna maporomoko mazuri sana nyuma ya Hudson, nikapaki kifua mbele. Willow River iko Wisconsin. Stika yangu pale ilikuwa pambo, nikalipa upya, tena bei ya mgeni maana gari lenye plate za nje linatozwa zaidi. Na ile pasi kubwa ya serikali kuu ya national parks pia haifanyi kazi kwenye steti paki, usije ukaibishania getini.

Kuna maneno mawili ya kutofautisha, kwenda na kurudi siku hiyo hiyo, na kempingi. Kwenda na kurudi huhitaji kubuki chochote, stika tu, unafika unatafuta meza ya pikiniki, kuna jiko la chuma la kuchomea limesimikwa chini, makaa uje nayo, nyama ulishaitia viungo tangu jana, chapo zimefungwa kwenye foili, kachumbari mnakatia pale pale. Kempingi ndiyo yenye mipango. Unalipia saiti, yaani kipande chako cha ardhi chenye namba, sehemu ya hema, meza, na duara la chuma la kuwashia moto. Kuna saiti zenye stima kwa wale wa magari-nyumba na kuna zisizo nayo, vyoo na bafu ni vya kushiriki na mara nyingi ni visafi kuliko unavyofikiria. Kama mke wako amekwambia hema hapana (wangu alisema, na alisema mara moja tu), tafuta kempa kebini, kajumba ka mbao kenye vitanda vya kupandana na meza, vingi vina stima na hita, lakini choo ni cha nje huko na wenzako.

Kubuki Minnesota kunafunguka siku 120 kabla ya siku ya kufika. Hesabu vizuri, ukitaka Julai 4, sikukuu yao ya uhuru, lazima uwe kwenye kompyuta mwanzoni mwa Machi, nje bado theluji, vidole vinasubiri. Ukikumbuka Juni zimebaki saiti za kando ya choo ama hakuna kabisa. Katikati ya wiki ni rahisi sana, na watu huwa wanakansel kwa hivyo chungulia tena siku mbili kabla. Jambo lingine ambalo linatugonga sisi hasa, saiti moja kwa kawaida ni watu sita, labda muwe familia ya nyumba moja. Sisi tukisema familia tunamaanisha magari manane. Kwa hiyo ombeni group camp, ipo, ni uwanja mkubwa wa kundi, na hapo hata sufuria ya pilau ya watu hamsini ina pa kukaa. Kelele zinaisha saa nne usiku, na wakisema saa nne ni saa nne, spika ya rhumba inazimwa.

Kuni usibebe kutoka nyumbani. Najua inaonekana kama ujanja wa kukuuzia kuni zao lakini kuna sababu, kuna mdudu wa kijani kutoka Asia anaitwa emerald ash borer, aligunduliwa Michigan 2002, akafika St. Paul 2009, anaua miti ya jamii ya ash na yeye mwenyewe haruki mbali sana, anayembeba mbali ni binadamu na kuni zake kwenye buti. Mbu ni wengi na wakali, ila hawana malaria. Wa kuogopa zaidi ni kupe, kakupe kadogo kama mbegu ya ufuta kanaweza kukuachia ugonjwa wa Lyme, kwa hiyo jioni kagueni watoto nyuma ya masikio, kwapani, nyuma ya magoti. Na simba hakuna, lakini kaskazini kuna dubu weusi, chakula kinalala ndani ya gari na si kwenye hema, hata biskuti ya mtoto.

Sasa pa kwenda. Kwa anayeanza na ana watoto wadogo namwambia Fort Snelling, iko chini kabisa ya uwanja wa ndege wa Minneapolis, ndege zinapita juu ya kichwa na kulungu anapita mbele yako, hakuna kempingi pale, ni ya mchana tu. Ndipo mto Minnesota unapokutana na Mississippi, Wadakota, wenyeji wa asili wa hapa, wanapaita Bdote na kwao ni patakatifu, na ndipo pia baada ya vita vyao na Marekani vya 1862 wanawake, watoto na wazee wao kama 1,600 walifungiwa kwenye kambi majira ya baridi na wengi wakafa. Mimi huwa nawaonyesha watoto ule upande kwanza ndio tunawasha jiko. Ya kulala mara ya kwanza basi William O'Brien, kando ya mto St. Croix, si mbali na mji, mkishindwa usiku mnarudi nyumbani na hakuna atakayejua. Interstate pale Taylors Falls ina mashimo ya ajabu ndani ya mwamba, yalichimbwa na maji ya barafu iliyoyeyuka zamani yakizungusha mawe, mengine unaingia ndani ukasimama.

Gooseberry Falls ni ya wale wanaotaka kuona Lake Superior, ni mwendo wa kupita mji wa Duluth, na kuna siri moja nzuri, kupaki kwenye kituo cha wageni ni bure kwa sababu kituo hicho ni pia mahali pa kupumzikia madereva wa barabara kuu. Maji ya ziwa lenyewe ni baridi hata Julai, watoto wa Mombasa watakulaani.

Lakini kama nitachagua moja ni Itasca, karibu mwendo wa saa nne kwa gari kutoka Twin Cities, yaani Minneapolis na St. Paul. Ndipo Mississippi unapoanzia. Ule mto mkubwa hivyo, pale unatoka ziwani kama mfereji wa shamba, unavuka kwa kukanyaga mawe, maji hayafiki goti, na kando kuna gogo limechongwa maandishi ya manjano kwamba kutoka hapo ni maili 2,552 mpaka Ghuba ya Meksiko. Mwaka 1832 Mzungu anaitwa Schoolcraft alipelekwa pale na Mwojibwe, kabila lingine la wenyeji wa asili, anaitwa Ozawindib, ambaye alipajua tangu zamani, halafu Mzungu akapatia jina kwa kukata maneno mawili ya Kilatini, veritas caput, akachukua mkia wa la kwanza na kichwa cha la pili: itas-ca. Paki ikaanzishwa 1891, ya kwanza Minnesota, ilipita bungeni kwa kura moja. Na haikuwa salama hata hapo, kampuni za mbao zilitaka ile misonobari mirefu, na mwaka 1903 msimamizi wa paki alikuwa binti wa miaka 24, Mary Gibbs, aliyeshika kazi baada ya baba yake kufariki. Wakata miti walikuwa wamefunga bwawa, maji yanapanda yanaua miti, akaenda mwenyewe kudai lifunguliwe na wao wana bunduki. Hakukaa kwenye kazi hiyo hata mwaka, lakini misonobari mingine ipo mpaka leo, ingia katikati yake asubuhi mapema kabla watu hawajaamka.

Mwisho kabisa, ukikuta kwenye ramani ya zamani jina Upper Sioux Agency State Park, usifunge safari. Pale ndipo Wadakota walipokaa na njaa 1862 chakula kikiwa ghalani, na mwaka 2024 jimbo lilifunga paki na kuwarudishia ardhi yao.